Ulengaji Shabaha wa Trapu: Jinsi Bunduki Inavyopimwa Ili Imfae Mlengaji

Trapu ni mmoja wa michezo ya kulenga shabaha inayoshindaniwa katika Michezo ya Olimpiki. Mshindani hutumia bunduki ya marisau, ambayo wengi huifahamu kwa jina la shotigani, kupasua visahani vinavyorushwa angani kutoka ndani ya handaki lililo mbele yake. Kisahani huondoka kwa kasi inayozidi kilomita 100 kwa saa, kikienda mbali na mlengaji, naye hajui mapema kama kitaelekea kushoto, kulia au mbele moja kwa moja. Tangu kinapochomoza hadi risasi ya kwanza inapofyatuliwa, kwa kawaida haipiti hata sekunde moja.

Muda huo hautoshi kusahihisha jambo lolote. Mlengaji ambaye shavu lake halikukaa mahali pake, au ambaye kitako cha bunduki yake ni kirefu kuliko mwili wake unavyohitaji, hana nafasi ya kurekebisha kosa hilo kisahani kikiwa angani. Kwa sababu hiyo, mafunzo yanayozingatia misingi ya mchezo huanza kwa kuipima bunduki pamoja na mwili wa atakayeitumia. Mkao, matumizi ya macho na mwendo wa mtutu hufuata baadaye. Anayeruka hatua hiyo ya kwanza anaweza kufanya mazoezi kwa miaka mingi huku akikomaza kosa ambalo si lake, bali ni la kipande cha mti alichokishika.

CHIMBUKO NA KANUNI ZA MCHEZO

Trapu ilitokana na mashindano ya kupiga njiwa hai waliokuwa wakifunguliwa kutoka kwenye visanduku. Katika karne ya 19 njiwa hao walianza kubadilishwa kwa tufe za kioo, na mwaka 1880 George Ligowsky wa Cincinnati, Marekani, akabuni kisahani cha udongo kilichoweza kuruka kwa mkondo unaofanana na wa ndege. Jina la kisahani cha udongo limebaki hadi leo, ingawa visahani vya sasa hutengenezwa kwa unga wa mawe ya chokaa uliochanganywa na lami.

Mchezo huo uliingia katika Olimpiki ya Paris mwaka 1900 na, baada ya kukosekana kwa miaka kadhaa, ulirejea mwaka 1952 mjini Helsinki. Wanawake walipata shindano lao wenyewe katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, ambapo medali ya dhahabu ilitwaliwa na Daina Gudzinevičiūtė wa Lithuania.

Kwa kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Kulenga Shabaha (ISSF), kisahani kina kipenyo cha takriban milimita 110 na uzito wa takriban gramu 105. Uwanja una vituo vitano vya kusimama, vilivyopangwa mita 15 nyuma ya handaki. Ndani ya handaki mna mitambo 15 ya kurushia, mitatu mbele ya kila kituo. Kisahani kikiachwa bila kupigwa hufika umbali wa mita 76 hivi, na pembe yake haizidi nyuzi 45 upande wa kushoto au wa kulia. Mlengaji anapotamka neno lake la kuita, kipaza sauti kilicho mbele yake huufanya mtambo urushe papo hapo.

Walengaji sita huunda kundi moja na kuzunguka katika vituo hivyo kwa zamu. Kila mmoja hurushiwa visahani 25 katika mzunguko: 10 vya kushoto, 10 vya kulia na 5 vya katikati. Idadi hiyo ni sawa kwa wote, lakini mfuatano wake haujulikani. Hatua ya mchujo ina visahani 125 kwa wanaume na pia kwa wanawake, na kila kisahani huruhusiwa risasi mbili. Ili kihesabiwe kuwa kimepigwa, ni lazima mwamuzi aone walau kipande kimoja kikimeguka. Vumbi pekee halihesabiwi.

Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, Zuzana Rehák Štefečeková wa Slovakia alipasua visahani vyote 125 vya mchujo kabla ya kutwaa medali ya dhahabu. Kiwango hicho kinaonesha jinsi kosa dogo linavyogharimu. Pale ambapo mshindani mmoja anaweza kumaliza mchujo bila kukosa hata kisahani kimoja, bunduki inayopeleka marisau kando kidogo tu inatosha kumwondoa mwenzake kabla ya fainali.

JICHO NDILO KILENGEO CHA NYUMA

Bunduki ya risasi moja moja huwa na vilengeo viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, na anayeitumia huvilinganisha na shabaha kabla ya kufyatua. Shotigani haina kilengeo cha nyuma. Juu ya mtutu wake mna ukanda mwembamba ulionyooka, na karibu na mdomo wa mtutu pana shanga ndogo. Nafasi ya kilengeo cha nyuma huchukuliwa na jicho lenyewe. Mahali jicho linapokaa hutegemea mahali shavu lilipoegemea, na mahali shavu lilipoegemea hutegemea umbo la kitako.

Hesabu rahisi inaonesha uzito wa jambo hili. Umbali kutoka kwenye jicho hadi kwenye mdomo wa mtutu ni takriban mita 1, na kisahani mara nyingi hupigwa kikiwa mita 30 hadi 35 kutoka kwa mlengaji. Jicho likikaa milimita 3 juu ya mahali panapostahili, katikati ya mtawanyo wa marisau hupanda kwa takriban sentimita 10 katika umbali wa mita 35. Likisogea kando kwa milimita 6, kiasi kisichofikia unene wa penseli, kosa hufika sentimita 20.

Katika umbali huo, sehemu ya mtawanyo yenye marisau ya kutosha kukipasua kisahani kwa uhakika ina upana wa takriban sentimita 70, yaani sentimita 35 kila upande wa katikati. Kosa la sentimita 20 linakula zaidi ya nusu ya akiba hiyo kabla mlengaji mwenyewe hajakosea jambo lolote. Kinachobaki ndicho kinachotakiwa kufidia upepo, uchovu na wasiwasi wa mashindano.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo inamfaa mvivu anayetafuta sababu ya kutolima, lakini haimfai mlengaji wa trapu. Katika mchezo huu jembe lisilolingana na mkono hupeleka makali mahali pengine, na mkulima hawezi kujua hilo kwa kuangalia jembe peke yake.

VIPIMO VINNE VYA KITAKO

Kipimo cha kwanza ni urefu, unaochukuliwa kutoka kwenye kifyatulio hadi katikati ya mwisho wa kitako. Bunduki nyingi za kiwandani zina urefu wa kati ya sentimita 36 na 38, ambao hufuata umbo la mwanamume wa wastani. Kitako kilicho kirefu mno hunasa kwenye nguo bunduki inapopandishwa, humlazimisha mlengaji kurudisha mabega nyuma, na huishia kukaa kwenye mkono badala ya bega. Kilicho kifupi mno hukisogeza kidole gumba karibu na pua, na bunduki inaporudi nyuma huweza kuumiza uso. Dalili ya urefu unaofaa ni kubaki kwa nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya pua na kidole gumba cha mkono unaofyatua, bunduki ikiwa imekaa begani na shavu limeegemea.

Mazoea ya kukiweka kitako kwenye kiwiko na kutazama kama kidole cha shahada kinafikia kifyatulio hayatoshi. Kipimo hicho hakizingatii urefu wa shingo, upana wa kifua wala namna mtu anavyosimama, na watu wawili wenye mikono ya urefu mmoja wanaweza kuhitaji vitako tofauti.

Kipimo cha pili ni kimo cha egemeo la shavu, yaani ukingo wa juu wa kitako. Hiki ndicho kinachoamua kama marisau yatakwenda juu au chini. Egemeo likiwa chini mno, jicho huzama nyuma ya bunduki, na mlengaji hulazimika kuinua kichwa ili aone. Likiwa juu mno, huuona ukanda wa juu ya mtutu kama barabara inayopanda mlima, na marisau hupita juu ya kisahani. Bunduki za trapu hupangwa makusudi zipige juu kidogo, kwa sababu kisahani hupigwa kikiwa bado kinapanda. Wengi hupendelea asilimia 60 hadi 70 ya marisau ipite juu ya mstari wa macho. Kwa mpangilio huo mlengaji hukiona kisahani juu ya mtutu wakati wote, wala halazimiki kukifunika kwa bunduki ili akipate.

Kipimo cha tatu ni mkengeuko wa pembeni. Uso wa mtu una upana, na jicho haliko moja kwa moja juu ya bega. Kwa hiyo kitako hupindwa kidogo kuelekea kulia kwa anayetumia bega la kulia, na kuelekea kushoto kwa anayetumia bega la kushoto. Mwenye uso mpana huhitaji mkengeuko mkubwa zaidi kuliko mwenye uso mwembamba. Mtu wa shoto anapopewa bunduki iliyopindwa kwa ajili ya mkono wa kulia, hulaza shingo juu ya kitako ili jicho lifikie mstari, na shingo hiyo huchoka mapema.

Kipimo cha nne ni mwinamo wa mwisho wa kitako, yaani pembe inayokutana na bega. Sehemu yote ya mwisho inapaswa kugusa mwili kwa usawa. Ikigusa ncha ya chini peke yake, bunduki huchimba kifuani kila inapofyatuliwa. Ikigusa ncha ya juu peke yake, huteleza kuelekea kwapani. Wanawake ndio wanaoathirika zaidi na kasoro hii, kwa kuwa mwinamo wa kiwandani hauzingatii umbo la kifua chao. Wengi wameambiwa kuwa mchezo huu ni mgumu kwao, wakati kinachowaumiza ni nyuzi chache za mbao ambazo fundi angeweza kuzirekebisha.

Vipimo hivi vinategemeana. Urefu ukibadilishwa, shavu husogea mbele au nyuma juu ya egemeo, na kimo cha jicho hubadilika pia. Kwa sababu hiyo urefu na mwinamo hurekebishwa kwanza, kisha egemeo, na mkengeuko humalizia. Kazi hiyo hufanywa mlengaji akiwa amevaa kizibao kilekile cha mashindano, kwa kuwa nguo nene huongeza urefu wa kitako. Vijana wanaoendelea kukua wanapaswa kupimwa upya mara kwa mara, na pia mtu mzima ambaye uzito wake umebadilika sana, maana shavu likinenepa au kukonda jicho halibaki mahali lilipokuwa.

JICHO TAWALA

Kabla ya mti wowote kuchongwa, ni lazima ijulikane ni jicho lipi linaloongoza. Watu wengi wana jicho moja ambalo ubongo hulitegemea zaidi katika kuelekeza mkono, na si lazima liwe upande wa mkono wanaoutumia kuandikia. Njia nyepesi ya kulitambua ni kunyoosha mikono yote mbele, kuacha tundu dogo kati ya viganja, na kukitazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo macho yote yakiwa wazi. Kisha jicho moja hufungwa. Kitu kikiendelea kuonekana, jicho lililobaki wazi ndilo tawala. Kikitoweka, tawala ni lile lililofungwa.

Anayeweka bunduki bega la kulia huku jicho lake la kushoto likitawala, hukosa kwa namna inayomtatiza, kwa sababu mstari anaouona siyo mstari wa mtutu. Anayeanza mchezo huweza kufundishwa kutumia bega la upande wa jicho tawala. Aliyekwisha kuzoea huweza kufumba jicho moja, au kubandika kipande kidogo cha utepe kwenye kioo cha miwani ili jicho linaloingilia lisiione shanga ya mtutu huku likiendelea kupokea mwanga. Njia ya utepe hupendwa zaidi kwa sababu macho mawili yaliyo wazi hukadiria mwendo na umbali vizuri kuliko moja.

KUTHIBITISHA KWA KARATASI

Kioo na tepu ya kupimia humfikisha fundi karibu na kipimo sahihi, lakini uthibitisho hutolewa na marisau yenyewe. Katika uwanja ulioidhinishwa na chini ya uangalizi wa mkufunzi, karatasi kubwa yenye alama moja katikati huwekwa umbali wa mita 15. Mlengaji hukazia macho alama hiyo, hupandisha bunduki kwa mwendo mmoja na kufyatua mara inapogusa bega. Hapaswi kutulia na kulenga, kwa kuwa anayetulia huifuata shanga na kuificha kasoro inayotafutwa. Zoezi hurudiwa mara tano au zaidi kwenye karatasi ileile.

Matundu yakikusanyika mahali pamoja, hapo ndipo bunduki inapopeleka kwa mtu huyo. Kwa umbali wa mita 15, kila milimita 1 kwenye egemeo husogeza mtawanyo kwa takriban milimita 15. Kwa mfano, matundu ya mlengaji wa bega la kulia yakionekana sentimita 6 kushoto ya alama, jicho lake liko takriban milimita 4 kushoto ya mstari, na kitako kinahitaji kusogezwa kulia kwa kiasi hicho. Matundu yakitawanyika huku na huko bila mpangilio, tatizo si la kitako peke yake. Mlengaji bado hajajifunza kupandisha bunduki kwa namna moja kila mara.

MKAO, MACHO NA MWENDO WA MTUTU

Bunduki iliyopimwa vizuri humtumikia tu anayeirudisha mahali palepale kila anapoipandisha. Kanuni ya msingi ni kwamba bunduki hupandishwa hadi kwenye shavu. Shavu halishushwi kuifuata bunduki. Kichwa kikisogezwa kuelekea kwenye kitako, shingo hukaza, na mtu huweza kuinua uso bila kujijua mara kisahani kinapochomoza. Kuinua uso ni miongoni mwa makosa yanayotokea zaidi katika trapu, na matokeo yake ni marisau kupita juu.

Miguu husimama kwa upana usiozidi mabega, ule wa mbele ukielekea eneo ambalo kisahani kitapigwa, na uzito wa mwili hulalia mguu huo wa mbele kidogo. Magoti hayakazwi. Mwili hugeuka kuanzia kiunoni, mabega na bunduki vikiwa kitu kimoja. Anayesukuma mtutu kwa mikono peke yake huutoa kwenye shavu, na jicho huacha mstari. Kwa kuwa kituo cha kwanza na cha tano vinatazama uwanja kwa pembe tofauti, miguu hupangwa upya katika kila kituo.

Kanuni zinaruhusu bunduki iwe tayari begani kabla ya kuita. Mtutu huelekezwa kwenye alama iliyo juu ya handaki mbele ya kituo, lakini macho hayakai kwenye shanga. Hutazama mbele zaidi, katika eneo ambalo kisahani kitaonekana, yakiwa yametulia bila kukazia kitu kimoja. Mlengaji huita, husubiri akione kisahani kwa hakika, na ndipo mtutu unaposogea. Anayeusogeza mtutu kabla ya kukiona kisahani anabahatisha, na visahani vya pande mbili humkamata mapema.

Kisahani hakipigwi mahali kilipo, bali mahali kitakapokuwa. Marisau hutoka kwa kasi ya takriban mita 400 kwa sekunde, kisha hupungua kasi haraka hewani, hivyo huchukua zaidi kidogo ya sehemu ya kumi ya sekunde kufika mita 35. Katika muda huo kisahani husogea zaidi ya mita 2. Sehemu kubwa ya mwendo huo ni wa kwenda mbali, lakini kwenye pembe kali sehemu ya kwenda kando hutosha kabisa kukikosesha. Kwa hiyo mtutu hukifuata kisahani kutoka nyuma, hukipita, na kifyatulio huvutwa bila mtutu kusimama. Anayesimamisha mtutu ili ajihakikishie hupiga nyuma ya kisahani.

Risasi ya pili hutolewa bila kushusha bunduki wala kuondoa shavu. Mlengaji mwenye kitako kinachomfaa hubaki na mstari uleule baada ya risasi ya kwanza. Mwenye kitako kisichomfaa hukuta bunduki imeruka, na risasi ya pili huwa ya kujaribu bahati.

TEKE LA BUNDUKI NA AFYA YA MWILI

Kanuni za kimataifa huweka ukomo wa gramu 24 za marisau kwa kila risasi, kiasi chenye punje zinazokaribia 300. Hata hivyo, anayemaliza mchujo hufyatua risasi zisizopungua 125, na zaidi anapotumia ya pili. Kila moja huirudisha bunduki nyuma. Kitako kinachogusa bega kwa usawa hulisambaza teke hilo kwenye eneo pana. Kinachogusa kwa ncha huliweka mahali pamoja. Maumivu hayo huleta tabia ya kushtuka, ambapo mlengaji hufumba macho au kujikunyata kabla ya kufyatua. Tabia hiyo ikishaota mizizi ni vigumu kuing'oa, na mara nyingi huonekana kama woga wakati chanzo chake ni bunduki isiyopimwa.

Mchezo huu umewapokea pia watu ambao miili yao ilikuwa imekwisha kufungiwa milango mingine. Adriana Ruano wa Guatemala alikuwa mwanamichezo wa jimnastiki hadi alipoumia uti wa mgongo, ndipo akahamia kulenga shabaha. Katika Olimpiki ya Tokyo alimaliza katika nafasi ya 26. Miaka mitatu baadaye, katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, alipasua visahani 45 kati ya 50 vya fainali na kuipatia nchi yake medali ya kwanza ya dhahabu katika historia ya Olimpiki.

Kelele na madini ya risasi ni hatari nyingine zinazopaswa kuzingatiwa. Mlio wa shotigani hupita desibeli 140, kiwango ambacho hata mlio mmoja unaweza kudhuru usikivu, na madhara hayo hayatibiki. Vizuia sauti masikioni na miwani ya kukinga macho ni lazima kwa mlengaji na kwa kila aliye karibu naye. Risasi 125 zenye gramu 24 kila moja ni sawa na kilo 3 za marisau, ambayo kwa kawaida hutengenezwa kwa madini ya risasi yenye sumu. Walengaji wanapaswa kunawa mikono na uso kabla ya kula, na kutowapelekea watoto nyumbani nguo zenye vumbi la uwanjani.

USALAMA NA SHERIA

Uwanjani, bunduki hubebwa ikiwa imekunjuliwa na bila risasi ndani, ili kila mtu aone kuwa ni tupu. Risasi huwekwa mlengaji akiwa kwenye kituo chake na mtutu ukielekea uwanjani peke yake. Kidole hakigusi kifyatulio kabla ya wakati. Kupandisha bunduki na kulenga kwa mazoezi hufanywa mahali palipotengwa na kwa ruhusa ya mwamuzi. Eneo la mbele ya handaki huachwa wazi kwa mamia ya mita, kwa kuwa marisau huanguka mbali sana kuliko mahali kisahani kinapopasukia.

Nchini Tanzania, umiliki na matumizi ya silaha vinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, inayomtaka raia awe na leseni kabla ya kumiliki silaha. Nchini Kenya, kazi ya kutoa leseni iko chini ya Bodi ya Leseni za Silaha kwa mujibu wa Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Kupenda mchezo hakumwondolei mtu wajibu huo, wala bunduki ya mashindano haiazimishwi kwa rafiki kwa sababu tu vipimo vyake vinamkaa vizuri.

Marekebisho yaliyoelezwa katika makala haya yanahusu kitako peke yake, na yanapaswa kufanywa na fundi wa silaha anayetambuliwa kisheria, bunduki ikiwa tupu na mmiliki wake akiwapo. Kukata au kubadili mtutu si sehemu ya kuipima bunduki. Wananchi wanaotaka kuanza mchezo huu wanashauriwa kupata maelezo ya taratibu za leseni katika kituo cha polisi, na kujifunza chini ya mkufunzi wa klabu iliyosajiliwa. Wasinunue bunduki kabla mkufunzi huyo hajawapima na kuwaeleza urefu wa kitako, kimo cha egemeo, mkengeuko na mwinamo unaoufaa mwili wao.